Sura ya Tano: Noti Ndogo Mfukoni

Vitabu vya wasafiri vinavyouzwa kwenye viwanja vya ndege havikosi ukurasa wa fedha. Humo msomaji anaelezwa tiketi ya basi la Copenhagen inakatwa wapi, chakula cha mchana Paris ni kiasi gani, na mhudumu wa London aachiwe chochote au aagwe kwa maneno matupu. Ni ukurasa wenye manufaa, kwa sababu mgeni asiyejua bei huishi na wasiwasi, na wasiwasi huo humfanya bahili leo na mfujaji kesho. Kibaha na Kisarawe hazijaandikiwa ukurasa wao, ingawa wageni wake ni wengi kuliko watu wanavyodhani.

Tuwatazame. Kuna mzazi anayekwenda kumwona mwanawe Minaki au Kibaha Sekondari. Kuna ndugu wa mgonjwa aliyelazwa hospitali ya Tumbi. Kuna mtumishi wa umma aliyeitwa kwenye semina ya siku tatu, na posho yake ameshaipigia hesabu kabla hajapanda gari. Kuna makada wa vyama sita vya ukombozi, kuanzia CCM na ANC hadi SWAPO na FRELIMO, wanaokuja kusoma katika Shule ya Uongozi ya Mwalimu Julius Nyerere pale Kwa Mfipa, iliyofunguliwa Februari 2022. Kuna vijana wa Dar es Salaam wanaopanda Pugu na Kazimzumbwi kuvuta hewa ya msitu, na watu wa Ulaya wanaofuatana nao. Wote hujiuliza maswali mawili. Nilipe kiasi gani? Na nikishalipa, niongeze kitu? Swali la kwanza ni jepesi na nitalipitia haraka. La pili nitalikalia, maana huko ndiko watu huumizana bila kukusudia.

Anayekwenda Kibaha hufuata Barabara ya Morogoro: Kimara, Mbezi, Kibamba, Kiluvya, halafu Maili Moja. Anayekwenda Kisarawe hupitia Gongo la Mboto na Pugu, barabara ikaanza kupanda, joto la Dar likabaki nyuma. Nauli za daladala na mabasi hupangwa na LATRA, mamlaka ya udhibiti wa usafiri wa ardhini. Desemba 2023 mamlaka hiyo ilipandisha nauli ya chini ya daladala, ile ya safari isiyozidi kilomita 10, kutoka shilingi 500 hadi 600, na safari ndefu zikapanda kwa kadiri ya umbali. Nauli halali inatakiwa ibandikwe ndani ya gari, kwa hiyo mgeni haombi punguzo na wala konda hapaswi kuongeza, hata mvua ikinyesha na abiria wakawa wanagombea mlango. Kuna pia treni ya SGR, iliyoanza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro Juni 2024. Inasimama Soga na Ruvu, na nauli ya daraja la kawaida iliyotangazwa wakati ule ilikuwa shilingi 4,000 mpaka Soga na 5,000 mpaka Ruvu. Kwenye treni hakuna majadiliano wala cha kuongeza. Unakata tiketi, unakaa, unashuka.

Kwenye bodaboda mambo ni mengine, kwa kuwa hakuna karatasi iliyobandikwa popote. Bei hukubaliwa kabla mguu haujapanda.

“Kaka, mpaka hospitali shilingi ngapi?”

“Elfu mbili, bosi.”

“Nipeleke kwa buku.”

“Toa buku jero, panda twende.”

Mazungumzo haya si ugomvi wala si utapeli. Ni salamu ya biashara, na mgeni anayelipa elfu mbili bila neno hatachukiwa, ila atakuwa amemnyima kijana raha ya kuuza. Nina ombi moja tu kwa wanaopenda kubana. Vijana wengi wa bodaboda hawamiliki pikipiki wanazoendesha. Kila jioni wanapeleka hesabu kwa tajiri, siku iwe nzuri au mbaya, na petroli wanaweka wao. Ukiwa na mizigo, au ni usiku, au barabara ya Kisarawe kutoka Masaki kuelekea Maneromango imelowa, mia tano unayoipigania haina thamani sawa kwenu nyote wawili. Mwachie.

Chakula na kulala havina mzungumzo mrefu. Kwa bei za siku hizi, sahani ya wali maharage kwa mama lishe ni elfu mbili au zaidi kidogo, na ukitaka kuku au samaki ongeza mpaka elfu nne au tano. Chapati na chai ya rangi havifiki elfu moja na mia tano. Gesti safi yenye feni na choo cha ndani utaipata kati ya elfu kumi na tano na thelathini, na hoteli za semina zenye kiyoyozi na maegesho zitakutoza mara mbili au tatu yake. Penye mashine ya EFD dai risiti yako. Kwa mtumishi aliye safarini risiti hiyo ndiyo ushahidi wa matumizi, na kwa mwingine yeyote ni kodi iliyokwenda inakotakiwa. Msimu wa matunda, kando ya barabara za Kisarawe utakuta mafungu ya embe na mananasi ambayo Kariakoo ungeyanunua kwa bei nyingine kabisa. Hapo unaruhusiwa kuomba nyongeza, na muuzaji akishakubaliana nawe bei hukutilia embe moja juu ya fungu bila kuombwa mara mbili.

Kinachomtesa mgeni kuliko bei yoyote ni chenji.

Fikiria asubuhi kwenye daladala. Nauli ni mia sita. Wewe umetoa noti ya elfu moja, yenye picha ya Mwalimu, na jirani yako kwenye kiti naye ametoa noti kama hiyo. Kila mmoja anadai mia nne. Konda anapapasa viganja, noti amezikunja kwa urefu katikati ya vidole, sarafu anazichezesha zilie kama kengele, kisha anampa jirani yako sarafu ya mia tano, ya mia mbili na ya mia. “Gawaneni hapo,” anasema, na ameshageukia kiti cha nyuma. Sasa wewe na mtu usiyemjua mna mia nane ya pamoja isiyogawanyika. Mmoja atashuka kabla ya mwenzake. Nimeona watu wakisamehe mia moja kwa tabasamu, nimeona wengine wakishuka pamoja kwenda kununua maji ili noti ivunjike, na nimeona urafiki ukianza hapo hapo. Ila mgeni aliyepanda na noti nyekundu ya elfu kumi, ile ya tembo, hana nafasi katika mchezo huu. Atasubiri mpaka mwisho wa safari, akiwa na hofu kwamba konda atasahau, na konda akiwa na hakika kwamba mgeni ndiye atakayesahau.

Kwa mama lishe wa saa moja asubuhi noti hiyo ni mzigo mkubwa zaidi. Mtaji wake wote uliobaki baada ya kununua mkaa, unga na mafuta huenda haufiki elfu kumi. Ukimpa noti ya tembo kwa chai ya mia tano, umemlazimisha kumtuma mtoto dukani kuvunja, na dukani mtoto ataambiwa hakuna chenji mpaka anunue kitu. Kwa hiyo matayarisho ya kwanza ya safari ya Kibaha au Kisarawe hufanyika kabla ya kuondoka nyumbani. Vunja fedha zako. Noti za elfu moja na elfu mbili zikae mfuko mmoja, sarafu mfuko mwingine, na noti kubwa zibaki mahali pa kulipia gesti.

Wengine watasema simu imemaliza tatizo hili. Imelipunguza, nakubali. Tangu M-Pesa ilipoingia Tanzania mwaka 2008 na mitandao mingine ikafuata, fedha zimekuwa zikitembea bila kuvunjwa, na bango la lipa namba limefika hata kwenye vibanda vya mbao. Lakini watu hawajasahau Julai 2021, tozo ya miamala ilipoanza kukata fedha za mtu njiani, mpaka serikali ikaipunguza, kisha ikaipunguza tena. Wafanyabiashara wadogo wengi walirudi kwenye noti wakati huo, na baadhi yao hawakurejea. Tena lipa namba ina udhaifu mmoja unaotuingiza kwenye swali la pili. Fedha inakwenda kwa mwenye biashara. Dada aliyekuhudumia haioni.

Basi, tuongeze au tusiongeze?

Kwetu hakuna asilimia. Marekani mteja hupiga hesabu ya asilimia 15 au 20 juu ya bili kwa sababu sheria yenyewe imejengwa hivyo: kima cha chini cha shirikisho kwa mhudumu anayepokea bakshishi ni dola 2.13 kwa saa, na hakijaguswa tangu 1991. Mteja ndiye anayemalizia mshahara. Ufaransa huduma imo ndani ya bei unayoisoma kwenye orodha ya vyakula, na sarafu unazoacha mezani ni hiari yako. Denmark, Sweden, Norway na Finland, nchi zilizoshirikiana na Tanganyika kujenga kituo cha Kibaha kuanzia mwaka 1963, kituo ambacho Januari 1970 kilikabidhiwa kwa serikali na leo ni Shirika la Elimu Kibaha, hazina desturi ya kumtegemea mteja kwa mshahara wa mhudumu, kwa kuwa vyama vya wafanyakazi huko vilishapigania mishahara ya kumtosha mtu. Mgeni wa Ulaya anayekaa Maili Moja na kulipa bili yake kamili bila kuongeza senti si lazima awe na roho mbaya. Anafanya alivyolelewa. Naye mgeni kutoka Afrika Kusini aliyekuja Kwa Mfipa, aliyezoea asilimia 10 ya kwao, ataacha fedha mezani na kuondoka bila kujua zimeokotwa na nani.

Sasa tumtazame dada anayehudumu. Amri ya mishahara ya mwaka 2013 ilimwekea mfanyakazi wa mgahawa, gesti na baa kima cha chini cha shilingi 130,000 kwa mwezi. Viwango vimepandishwa tangu hapo, na Oktoba 2025 serikali ilitangaza kima cha chini cha sekta binafsi kupanda kwa wastani wa asilimia 33.4 kuanzia Januari 2026. Hilo ni jambo jema na nalipongeza. Lakini wastani ni wastani, na kazi za mgahawani na baa zimekuwa miongoni mwa zile za chini kabisa kwenye orodha, tena mahali pengi hazina mkataba wa maandishi wa kumwezesha mtu kudai hicho kima. Kuna jambo jingine ambalo wageni hawalijui. Katika baa nyingi, mteja akiondoka bila kulipa, mhudumu ndiye anayekatwa. Dada anayesimama karibu na meza yenu saa tano usiku hakutegeeni sikio. Analinda mshahara wake.

Kwa sababu hiyo ushauri wangu ni mfupi. Lipa bili kwanza, ikamilike, kisha mpe yeye mkononi na umwambie, “Dada, hii ni yako.” Maneno hayo matatu manne yana kazi. Fedha inayoachwa kwenye kisahani pamoja na bili huishia kaunta, na mara nyingi kaunta haikumbuki. Waingereza walilitambua tatizo la aina hii kwao wakalitungia sheria mwaka 2023, iliyoanza kutumika Oktoba 2024, inayomlazimisha mwajiri kuwafikishia wafanyakazi bakshishi yote bila kukata. Sisi hatuna sheria kama hiyo, ila tuna mkono. Kiasi? Chenji ya bili, au elfu moja, au elfu mbili mkiwa meza ya watu wengi. Kwa anayefua shuka na kufagia chumba cha gesti, ambaye humwoni kwa kuwa anaingia ukiwa umetoka, mtafute asubuhi ya kuondoka. Huyo husahauliwa kuliko wote. Mama lishe mwenye biashara yake hahitaji bakshishi. Anahitaji urudi kesho, na ulipe kwa noti ndogo.

Kwenye msitu wa Pugu na Kazimzumbwi kiingilio ni cha serikali na hulipwa kwa namba ya malipo. Usimpe mtu fedha taslimu ya kiingilio, hata akiwa na haraka ya kukusaidia. Kijana anayekutembeza kwenye mapango na kukuonyesha njia ni habari tofauti. Kama mmekubaliana malipo, mlipe hayo kamili, na akikufanyia zaidi ya mlichokubaliana, hapo ndipo asante yako inapoingia.

Nimefika kwenye jambo ninalotaka msomaji alibebe, na itanilazimu nirudi nyuma zaidi ya miaka 160.

Juni 1857 Richard Burton na John Hanning Speke waliondoka pwani kuelekea maziwa makuu, wakafuata bonde la mto Ruvu, ambao wao waliuandika Kingani, katikati ya nchi ya Wazaramo. Oktoba 1860 Speke alipita tena huko akiwa na James Grant. Hao ni wageni wa Ulaya waliokanyaga ardhi hii wakiwa na bajeti kamili. Noti hazikuwapo. Fedha zao zilikuwa merikani, kitambaa kigumu kilichofumwa Marekani, na kaniki iliyotiwa rangi India, pamoja na shanga na waya wa shaba. Walihesabu kwa shuka, kipande cha mikono minne, na kwa doti, iliyokuwa shuka mbili. Wakuu wa Kizaramo, wenye cheo cha pazi, walikuwa wakidai ushuru wa njia, yaani hongo, na msafara haukusogea mpaka wakubaliane. Speke aliwataja wawili waliomtoza, Kombe la Simba na Mkia wa Nyani, na malalamiko yake yamejaa kurasa. Kazi ya kujadiliana aliachiwa Said bin Salim wa Zanzibar, kiongozi wa msafara.

Wasomaji wengi wa safari hizo huona hapo tamaa ya wakuu. Mimi naona utaratibu. Pazi alikuwa mwenye nchi. Alitoa njia, maji na soko la chakula kwa mamia ya watu, na alipokea hadharani, mbele ya wazee wake, kitambaa ambacho sehemu yake iligawiwa watu. Ushuru ule ulikuwa kodi ya wakati wake. Mbali na huo kulikuwa na bakshishi, ambayo wapagazi na viongozi wa njia walitarajia mwisho wa safari au mahali penye kazi ngumu, nje ya ujira na posho. Mambo hayo mawili hayakuchanganyika. Mwenye mamlaka alilipwa ushuru unaojulikana. Asiye na mamlaka alipewa shukrani.

Leo mwenye mamlaka tunamlipa kwa kodi, na mshahara wake hautoki mfukoni mwa mgeni. Anayeshika faili lako, anayeamua zamu yako ya kumwona daktari, anayesimamisha gari lako barabarani, anayegonga mhuri, wote hao wamekwisha kulipwa. Akikuambia ana kiu, au umwachie ya soda, au mambo yaende na ya chai, huyo haombi bakshishi. Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007 inamhesabu mtoaji na mpokeaji wote kuwa na kosa, na simu ya TAKUKURU, namba 113, haina malipo. Nchi hii imelijadili jambo hili mpaka mahakamani: mwaka 2000 sheria ya uchaguzi iliruhusu takrima kwa wapiga kura, na mwaka 2006 Mahakama Kuu, katika kesi iliyofunguliwa na asasi za haki za binadamu, ikasema masharti hayo ni kinyume cha Katiba.

Kipimo changu ni hiki, na sijaona mahali kilipokosea. Kabla hujatoa, jiulize kama mtu huyu anaweza kukuzuilia kitu ambacho ni haki yako. Kama anaweza, usimpe hata mia. Kama hawezi, mpe kadiri ya uwezo wako na usijibane. Mpishi, mfagizi, mbeba mizigo wa stendi, kijana aliyekusukumia gari kwenye tope la Mzenga, mlinzi aliyekesha nje ya gesti: hawa hawana la kukuzuilia. Tazama jinsi tulivyogeuza mambo. Mlinzi tunamwambia “Mungu akubariki, mzee,” na mwenye mhuri tunamkunjia noti.

Ipo namna nyingine ya kutoa ambayo vitabu vya Ulaya havina ukurasa wake, na mgeni wa Kisarawe anaweza kukutana nayo bila taarifa. Ni kutunza kwenye ngoma. Kwa Wazaramo, msichana aliyewekwa ndani kufundwa hutolewa nje kwa sherehe, na siku hiyo kijiji kizima hujaa. Mwali amepambwa, amefunikwa kanga mpya, amebebwa mabegani juu ya umati, macho chini. Ngoma zinazungumza. Vigelegele vinapokezana kutoka kundi la upande wa mama kwenda la upande wa baba. Hapo ndipo shangazi mtu mzima anatokea katikati ya uwanja akiwa ameinua noti ya elfu moja kwa vidole viwili, anacheza nayo taratibu, anazunguka, anaionyesha kwa watu, kisha anaiweka kwa mwali na kurudi nyuma akiendelea kucheza. Dakika mbili baadaye anakuja tena na noti nyingine. Ana elfu kumi nzima, ila ameivunja makusudi ili ampongeze mtoto mara kumi.

Mgeni aliyekuja na noti moja kubwa akaiweka na kukaa amefanya vizuri, hakuna atakayemlaumu. Lakini hakucheza. Kutunza ni kusema mbele ya watu kwamba mtoto huyu ni wetu na amelelewa vyema, na neno la namna hiyo halisemwi mara moja. Ukialikwa, muulize mwenyeji wako mapema nani hutunzwa na lini, kwa maana wapiga ngoma wana zamu yao, na kungwi aliyemfunda mwali ana yake. Wanaume wageni wasimsogelee mwali ovyo. Wampe mama au shangazi awafikishie. Na niseme kilicho moyoni: nafurahi zaidi pale familia inapozichukua fedha zile na kumnunulia msichana sare, viatu na madaftari, akarudi darasani Jumatatu kumalizia elimu yake. Ngoma yenyewe nataka idumu.

Msibani hakuchezwi, ila fedha hutolewa pia. Rambirambi huandikwa kwenye daftari, jina na kiasi, na daftari hilo hutunzwa kwa miaka. Haliandikwi kwa ajili ya kumwaibisha aliyetoa kidogo. Familia inataka kujua ni nani alisimama nayo, ili siku zamu ikifika nayo isimame. Mgeni aliyefuatana na rafiki kwenda kuzika Chole au Marui atoe hata elfu mbili, aandikwe.

Neno kuhusu dola na yuro. Tangu Machi 2025, kanuni za Benki Kuu zinakataza bidhaa na huduma za ndani ya nchi kutangazwa au kulipwa kwa fedha za kigeni, kwa hiyo hoteli ikikutajia bei ya chumba kwa dola una haki ya kuikumbusha. Lakini hata kama kusingekuwa na kanuni, ningewasihi wageni waache kumpa mhudumu noti ya dola moja wakidhani ni kumbukumbu nzuri. Dola moja, ambayo kwa mwaka 2025 ilikuwa ikipanda na kushuka kati ya shilingi 2,400 na 2,700 hivi, kwa mhudumu wa Kisarawe ni karatasi inayohitaji nauli ya kwenda kuibadilisha, na wabadilishaji huzishusha thamani noti ndogo na kuzikataa za zamani. Noti ya elfu mbili, yenye simba wetu, itafika sokoni jioni hiyo hiyo.

Mwisho kuna fedha inayokwenda upande wa pili, kutoka kwa mwenyeji kwenda kwa mgeni, na vijana wa mjini na jamaa zetu wanaoishi Ulaya huikosea mara kwa mara. Umekwenda Maneromango kumsalimia bibi. Umepeleka sukari, sabuni na majani ya chai, kama inavyostahili, umekula mihogo, umekaa. Ukiinuka kuaga, bibi anafungua pindo la kanga na kukupa elfu mbili iliyokunjwa mara nne.

“Chukua nauli, mjukuu wangu.”

“Bibi, mimi ninazo, zako weka tu.”

Usiseme hivyo. Ninyi mnaopata mishahara mnaona aibu kuchukua elfu mbili ya mtu mzima anayelima, na aibu hiyo ni ya haki, lakini kukataa ni kumwambia kwamba nyumba yake haina uwezo wa kumsafirisha mgeni. Pokea kwa mikono miwili, piga goti kidogo, mwambie “Ahsante bibi, Mungu akuzidishie.” Ukifika kwako, subiri siku chache, umtumie kwa simu kiasi unachoweza, bila kutaja ile elfu mbili. Na usimtumie elfu ishirini kavu. Angalia makato ya mtandao wako, uongeze na ya kutolea, ili wakala wa pale sokoni akimhesabia ziwe elfu ishirini kamili mkononi mwake.